Barua ya Kijiji Mezani pa Bunge: Namna Watu wa Vamizi na Pwani ya Palma Wanavyoweza Kuwataka Polisi Wawajibike



Katika semina hii nimeombwa nizungumzie wananchi na polisi. Nitalizungumzia jambo hilo kupitia mlango mmoja tu, kwa sababu ndio tusioubisha: wale tuliowachagua. Mtu wa kisiwa cha Vamizi, hapa kaskazini mwa Msumbiji, akipigwa kizuizini, akinyang'anywa samaki au fedha, au ndugu yake akichukuliwa asionekane tena, amwandikie nani, aandike nini, na afanye nini jibu lisipokuja?

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipinge mkitaka. Lalamiko lililosemwa kwa mdomo mbele ya kamanda, kwa heshima na kwa kunong'ona, halina nguvu hata kama kamanda ni mtu mwema. Kamanda huhamishwa, na lalamiko huondoka naye. Lalamiko lenye nguvu ni karatasi yenye tarehe, yenye majina ya wengi, yenye muhuri wa kupokelewa, iliyofika kwa watu ambao sheria inawapa haki ya kumwita waziri na kumuuliza. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo hupotea hivyo hivyo.

Tunajua tulikotoka. Tarehe 5 Oktoba 2017 waasi walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, na polisi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa katika vita vya mkoa wetu wa Cabo Delgado. Hilo tulikumbuke kwa haki. Lakini tukumbuke pia yaliyofuata: misikiti ilifungwa, na watu wakakamatwa kwa mamia. Kesi kubwa iliyoanza Pemba Oktoba 2018 ilikuwa na washitakiwa 189, na hukumu ilipotoka mwaka 2019 zaidi ya mia moja waliachiwa huru. Waliachiwa baada ya miezi mingi ya kufungwa. Nani aliulizwa bungeni kuhusu miezi ile? Nani aliandika kuuliza? Mtoto aliyemwona baba yake akipelekwa bila kosa na kurudishwa bila neno ndiye yule yule ambaye waasi humwendea na maneno yao. Kudai polisi wafuate sheria ni sehemu ya kuilinda nchi, na asiwepo wa kututisha kwamba kudai huko ni kuwaunga mkono wauaji.

Vita vilitufikia kisiwani Septemba 2020, nyumba zikachomwa na watu wakakimbia. Tarehe 24 Machi 2021 ikaja zamu ya mji wa Palma. Waliorudi wamerudi kwenye pwani yenye sare za aina nyingi, na wengi hawana kitambulisho cha taifa (BI), kwani BI zao ziliungua pamoja na masanduku. Mvuvi asiye na BI anaweza kushukiwa kila anapotia nanga. Hapo ndipo uonevu mdogo mdogo huzaliwa. Ndio unaochosha watu kuliko hata ule mkubwa, kwa sababu hauandikwi popote.

Sasa tumwandikie nani? Hapa lazima tuelewe vizuri nchi yetu ilivyopangwa, maana nimeona juhudi nyingi zikipotea kwa kubisha mlango usio wake.

Mkuu wa wilaya hatukumchagua. Kulikuwa na mpango wa kuchagua mabaraza ya wilaya mwaka 2024, lakini Katiba ilirekebishwa mwaka 2023 na mpango huo ukaahirishwa. Gavana wa mkoa anatokana na uchaguzi tangu 2019, na Baraza la Mkoa lina wajumbe waliopigiwa kura. Lakini polisi hawako chini ya gavana. Mambo ya usalama ni ya dola kuu, ambayo mkoani inawakilishwa na Katibu wa Dola anayeteuliwa na Rais. Kwa hiyo tukimwandikia gavana peke yake, atatusikiliza, kisha atasema kwa haki kabisa kwamba polisi si wake. Nakala tumpe, kwa sababu ana sauti na anakaa vikao vya mkoa, lakini barua yenyewe ielekezwe kwingine.

Ielekezwe Maputo, kwenye Bunge la Jamhuri, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa. Bunge lina wabunge 250, na wetu huchaguliwa kwa orodha ya chama kwa mkoa mzima wa Cabo Delgado. Hakuna mbunge wa Vamizi wala wa Palma. Hili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Kenya au Tanzania, mbunge wa jimbo anajua kwamba kijiji kikimkasirikia, uchaguzi ujao kitamwangusha. Mbunge wetu anategemea nafasi yake kwenye orodha, na orodha hupangwa na chama. Kijiji kimoja hakimtishi. Kwa hiyo nguvu yetu lazima itoke kwingine: kuwaandikia wabunge wote wa mkoa kwa pamoja, wa vyama vyote, barua moja isiyo na rangi ya chama, na kuhakikisha imesajiliwa mahali ambapo haiwezi kupotea.

Mahali hapo papo. Kifungu cha 79 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupeleka maombi, malalamiko na madai kwa mamlaka inayohusika, kwa ajili ya haki yake iliyovunjwa au kwa manufaa ya wote. Bunge lina kamati ya kudumu inayopokea maombi na malalamiko ya raia, na ina kamati nyingine ya ulinzi, usalama na utulivu wa umma. Wabunge wana haki ya kuiuliza Serikali maswali, na Waziri wa Mambo ya Ndani ni sehemu ya Serikali hiyo. Kila mwaka Mwanasheria Mkuu wa Jamhuri huenda bungeni kutoa taarifa yake. Provedor de Justiça, mtetezi wa raia anayechaguliwa na Bunge lenyewe, naye hutoa ya kwake. Provedor hawezi kutoa hukumu. Anachunguza na kupendekeza. Lakini pendekezo lake huingia kwenye taarifa inayosomwa mbele ya wabunge, na jambo lililosomwa mbele ya wabunge ni gumu kukanwa. Ipo pia Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Barua moja yenye nakala kwa hao wote ina walinzi wanne.

Je, huzaa matunda? Nitataja mambo yaliyotokea kweli, mazuri na mabaya.

Tarehe 5 Januari 2019 mwandishi wa habari Amade Abubacar alikamatwa Macomia akizungumza na watu waliokimbia vita. Kwa siku 12 alishikiliwa na jeshi bila kuonana na wakili wala ndugu. Waandishi wenzake, mawakili na mashirika ya ndani na nje waliandika bila kuchoka. Akahamishiwa polisi, kesi ikafunguliwa, na tarehe 23 Aprili akatoka kwa dhamana. Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma, jirani yetu kabisa, alitoweka tarehe 7 Aprili 2020 baada ya kutuma ujumbe kwamba amezungukwa na askari. Mashirika yalimwandikia hadi Rais wa wakati huo, Filipe Nyusi. Mpaka leo hajaonekana. Simtaji Mbaruco ili kuwakatisha tamaa. Namtaja kwa sababu familia yake bado inangoja, na kwa sababu swali lake linastahili kuulizwa bungeni kila kikao, kwa jina lake, mpaka Serikali ichoke kukosa jibu.

Huko Xai-Xai, mkoani Gaza, Anastácio Matavel, aliyekuwa akiandaa waangalizi wa uchaguzi, alipigwa risasi tarehe 7 Oktoba 2019. Gari la wauaji lilipata ajali wakikimbia, ikabainika kwamba waliokuwamo ni polisi. Mahakama iliwatia hatiani mwaka 2020. Hebu fikirini: isingekuwa ajali ile, tungejua? Haki isiyo na utaratibu inategemea bahati, na sisi hatuwezi kukaa tukingoja gari lipinduke.

Ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara nchini Tanzania, kijana mfanyabiashara kutoka Nachingwea aliuawa Januari 2022 baada ya kudai fedha zake zilizochukuliwa na polisi. Polisi 7 walishitakiwa. Rais Samia Suluhu Hassan alisema hadharani kwamba si sawa polisi wauchunguze uovu wa polisi, na Waziri Mkuu akaunda kamati. Juni 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu wawili kunyongwa na kuwaachia watano. Mimi si mpenzi wa adhabu ya kifo, na Msumbiji tuliifuta zamani. Ninalolichukua kutoka Mtwara ni jingine: familia haikunyamaza, na kiongozi mwenye mamlaka ya kisiasa alisema jambo lile mbele ya watu. Kuanzia hapo lisingeweza tena kumalizwa ndani ya kituo.

Wakenya wametangulia zaidi. Baada ya mauaji ya uchaguzi wa 2007 na tume ya Jaji Waki iliyoyachunguza, walitunga sheria mwaka 2011 na kuunda IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, yenye wachunguzi wake wasiovaa sare. Sisi hatuna chombo kama hicho, na kukidai ni kazi halali ya barua zetu. Juni 2024 vijana wa Kenya waliwafurika wabunge wao kwa ujumbe wa simu kuhusu mswada wa fedha. Njia ile ilitikisa: ingawa wabunge waliupitisha mswada na risasi zilipigwa, Rais alikataa kuutia saini. Hapa kwetu naiona dhaifu, kwa sababu niliyoitaja ya orodha za vyama. Na ujumbe wa simu hauna namba ya kumbukumbu.

Nije kwenye barua yenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Kwanza, sare. Kabla ya kuandika, tujue aliyetenda ni nani. Polisi wa kawaida wa PRM na kikosi cha dharura cha UIR wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Majeshi ya nchi kavu na ya majini yako chini ya Wizara ya Ulinzi. Kuna wanamgambo wa vijijini, na tangu Julai 2021 kuna askari wa Rwanda. Kuandika kwamba askari walitupiga ni kumpa kila waziri nafasi ya kumtupia mwenzake. Andikeni sare ilivyoonekana, namba ya gari au rangi ya boti, walikuwa wangapi, walizungumza lugha gani, kiongozi wao aliitwaje na wenzake.

Kisha siku, saa na mahali, kwa majina tunayoyatumia sisi na yale yaliyo kwenye ramani. Kama mtu ameshikiliwa, saa aliyochukuliwa ina maana kubwa: sheria inataka afikishwe mbele ya jaji ndani ya saa 48. Kama alipigwa, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na aombe karatasi. Hasira na sifa mbaya ziachwe nje. Barua inayosema polisi wote ni wezi haijibiki. Barua inayosema mtu huyu alichukuliwa siku hii, saa hii, na mpaka leo hajaonyeshwa kwa jaji, inajibika, na asiyeijibu anaonekana.

Iandikwe kwa Kireno, kwa kuwa ndiyo lugha ya Bunge, lakini kabla ya kutiwa saini isomwe kwa Kimwani na Kiswahili mbele ya wote, neno kwa neno. Mwalimu anaweza kuandika, na pale IPAJ, taasisi ya msaada wa sheria wa bure, ilipo na mtu, aipitie. Tengenezeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi nanyi. Ofisi ikikataa kugonga, andikeni tarehe ya kukataa na jina la aliyekataa, kisha pelekeni kwingine.

Kuna hofu, nami siidharau. Arlindo Chissale, mwandishi wa habari wa mkoa huu, ametoweka tangu Januari 2025. Lalamiko lisilo na jina halina uzito mbele ya kamati, na jina moja peke yake ni hatari. Ndiyo maana napendekeza barua zetu zitoke kwa vyombo: baraza la uvuvi la jamii, ambalo wavuvi wetu wanalijua, kamati ya msikiti, umoja wa akina mama, chama cha mawakili. Mwathirika atajwe ndani ya barua kwa ridhaa yake tu. Mashahidi wasitajwe majina kabisa. Ielezwe tu kwamba wapo na watasema mbele ya mwendesha mashitaka. Kwa mwanamke aliyefanyiwa ukatili wa kimwili, wanawake wa umoja wa akina mama wachukue maelezo peke yao, na nasisitiza hili, kwa sababu nimeona mambo haya yakijadiliwa barazani mbele ya wanaume 20, kisha tunashangaa kwa nini akina mama hawasemi.

Kisha wapokeaji. Bunge la sasa lina wabunge 171 wa FRELIMO, 43 wa PODEMOS, 28 wa RENAMO na 8 wa MDM. Tukiwapa barua wapinzani peke yao, itaitwa siasa. Tukiwapa wa chama tawala, FRELIMO, peke yao, itazungumzwa kwa siri. Wote wapokee siku moja.

Bunge hukutana kwa vikao viwili vya kawaida kwa mwaka, na katikati wabunge hurudi mikoani. Basi pendekezo langu kwa semina hii ni kwamba kabla hatujatawanyika tuchague watu watatu, mmoja wa kisiwani, mmoja wa Olumbi na mmoja wa Palma mjini, wafungue daftari la matukio. Barua ya kwanza iwaombe wabunge wa Cabo Delgado wafike Palma kabla ya kikao kijacho, na iwe na maswali matatu kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: ni malalamiko mangapi dhidi ya polisi yamesajiliwa wilayani Palma tangu wakimbizi waanze kurudi, ni mangapi yamefika kwa mwendesha mashitaka, na mvuvi ambaye BI yake iliungua aonyeshe karatasi gani ili asikamatwe baharini. Hili la tatu linaweza kujibiwa hata ndani ya wiki moja, na akijibu, jibu hilo tulichape na kulibandika kila bandari ndogo kuanzia Vamizi hadi Kionga.