Mshahara Mmoja Baada ya Likizo ya Uzazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, humpa mama aliyejifungua likizo yenye malipo ya siku 84, au 100 akipata pacha, na anayeamua kulea zaidi ya hapo huomba likizo isiyo na malipo, yaani ajira hubaki lakini mshahara husimama. Kinachoielemea kaya hapo mara nyingi si unga wala mafuta ya kula, bali kodi ya nyumba, ambayo wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam huitaka ya miezi sita kwa mkupuo ilhali mshahara uliobaki, wa mwenza, huja kwa mwezi, hivyo ni busara kutenga sehemu ya sita ya kodi hiyo kila mwezi hata kabla ya kununua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla. Kinachosahaulika zaidi ni michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 20 ya mshahara kwa mwajiri na mfanyakazi pamoja, ambayo nayo hukatika, na pengo lake huja kuonekana pensheni inapokokotolewa. Hisa za kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ni afadhali zipunguzwe mapema kwa makubaliano kuliko kulipiwa kwa mkopo wa simu, ambao huja na riba (wakopeshaji hupenda kuiita ada).