Sahihi ya Mhitimu ni Dhamana



Chuo cha Elimu ya Biashara kilipoanzishwa mjini Dar es Salaam mwaka 1965, Taifa lilikuwa na uhaba mkubwa wa wahasibu na mameneja wazalendo. Leo wahitimu ni wengi. Swali lililobaki ni hili: elimu yao inamtumikia nani?

Onyo tunalo. Jeffrey Skilling alihitimu shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1979, akiwa miongoni mwa wanafunzi bora. Alipanda hadi kuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni ya Enron. Humo madeni yalifichwa na faida hewa ikatangazwa. Desemba 2001 kampuni ilifilisika; maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi na akiba zao za uzeeni. Mwaka 2006 Skilling alihukumiwa kifungo.

Ndugu zangu, asiyesoma hawezi kuficha deni vitabuni, aliyesoma anaweza. Mwaka 2009 wahitimu wa Harvard walitunga kiapo cha uadilifu. Ni jambo jema, lakini kuapa siku ya mahafali hakugharimu kitu. Gharama huja siku mkubwa wako anapokuletea hesabu ya uongo uitie sahihi, nawe una watoto wa kusomesha na cheo unachokitazamia.

Siku hiyo mkumbukeni mfanyakazi ambaye akiba yake imo katika hesabu hizo. Nasi tulio viongozi makazini tumlinde anayekataa. Tukimwadhibu yeye, tutakuwa tumewafundisha wenzake kusema uongo.