Pikipiki ya Chama, na Jirani Tuliyemtaja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanamemba, Kasongo)

Tumeombwa kueleza habari ya pikipiki. Wengi wanajua nusu yake, na ile nusu wanayoijua ndiyo mbaya.

Siku ya posho asubuhi tulikuta pine zote mbili zimekatwa kwa kisu, kiti kimepasuliwa, na mchanga umetiwa ndani ya tanki ya esanse. Ni ile pikipiki inayopeleka wamama wenye mimba na wagonjwa hospitali. Wanamemba wa upande wa Kabambare wanajua barabara yetu: mvua ikinyesha gari linakwama, pikipiki inapita.

Chai haijanywewa, jina lilikuwa limekwisha kutoka. Tusifiche: lilitoka kwetu sisi wa komite. Ni jirani wa pale pikipiki inapolala. Wakati sisi tulikimbia vita yeye alibaki, akalima kipande cha shamba la memba wetu, akakata na ngazi zake. Tuliporudi, mpaka ukaleta maneno. Basi, nani mwingine? Vijana walitaka kwenda kuvunja kinga yake. Wengine walisema apelekwe kwa mganga, anywe dawa ya kiapo, ukweli utoke.

Mama mmoja akasimama: "Nani aliona kwa macho yake?" Kimya.

Sheria ya adhabu ya Kongo, kuanzia artikle 57, inakataza kumpima mtu kwa dawa au kwa moto ili kujua kama ana kosa, hata yeye mwenyewe akikubali. Artikle 74 inamwadhibu anayemtangazia mwenzake jambo la kumvunjia heshima mbele ya watu, kwa nia mbaya. Kuharibu mali ya mtu kwa kusudi ni kosa pia, lakini sisi tulikuwa karibu kuingia gerezani mbele ya yule aliyekata pine!

Kwa hiyo tulipiga picha kwa simu kabla fundi hajagusa kitu. Tuliandika katika kayee kila kilichoharibika, fundi akatia bei, shefu wa avenyu akaja kuona. Polisi tulipeleka malalamiko juu ya mtu asiyejulikana. Jina la jirani hatukuliandika, juu hatukuwa na kitu cha kuweka pembeni yake.

Kisha wazee wawili walikwenda kwake jioni. Tuliwaomba wasiulize "Ni wewe?", maana jibu la swali hilo linajulikana, na baada yake mlango unafungwa. Walimpa habari tu, wakauliza kama alisikia kitu usiku. Alinyamaza sana. Halafu alisema hakulala nyumbani ile usiku, alikuwa kwenye matanga njia ya Kabambare. Tuliuliza watu wa matanga: ni kweli, walimwona mpaka asubuhi. Akaongeza kwamba ile pikipiki inawashwa saa tisa za usiku chini ya dirisha lake, honi juu, na mtoto wake mgonjwa anaamka akilia. Alingoja miezi mtu wa chama aje kumsemesha. Hakuna aliyekuja, ila sasa, kwa sababu ya pine.

Tulikuwa tumekwisha kumtaja sokoni. Tulirudi kule kule, kwa wamama wauza mawese na kwa vijana wa pikipiki, tukasema tulikosa. Hiyo kazi ilikuwa ngumu kuliko kwenda polisi. Mtu mmoja alitucheka.

Wafadhili wanauliza feza: pine, shambreri na kusafisha karburateri vililipwa na michango ya wanamemba, hatukugusa sanduku la wagonjwa. Kiti bado kimeshonwa kwa uzi wa gunia.

Aliyeharibu hatujamjua. Pikipiki sasa inalala ndani ya nyumba, inasukumwa mpaka barabarani ndipo inawashwa. Neno la mpaka wa shamba liko kwa wazee, wamelitembelea mara moja, ngazi hazijahesabiwa. Jirani mwenyewe hajarudisha salamu zetu. Mke wake anarudisha, na juzi alikuja kuuliza kama pikipiki inaweza kumpeleka mtoto hospitali. Ilimpeleka.