Sifuri si sawa na “haijulikani”

Maandishi ya mazungumzo kwa vijana wanaojifunza kuandika programu, Voi



Mada ya leo ni ndogo, lakini hugusa mfuko wa mwananchi: kigeu kipewe thamani gani mwanzoni? Kigeu ni jina ambalo programu hulitumia kuhifadhi thamani, kama vile salio au bei.

Chukueni mfano wa ankara ya maji. Matumizi ni usomaji wa sasa ukitoa usomaji uliopita. Tuseme nyumba moja ya Kaloleni imefungiwa mita iliyowahi kutumika, inayosoma 412. Mwezi ukiisha, inasoma 420. Familia imetumia yuniti 8, yaani lita 8,000. Lakini mwandishi wa programu hakuwa na usomaji wa kwanza, akaweka 0 ili kazi iendelee. Programu itatoa ankara ya yuniti 420 bila kulalamika. Mama wa nyumba hiyo atadaiwa lita 412,000 ambazo hakuzitumia.

Kosa ni kuandika sifuri mahali pa “haijulikani”. Kwa Python wekeni None, kwa Java null, kisha programu ikatae kutoa ankara hadi msomaji wa mita alete namba.

Kuna mahali sifuri ni ya kweli. Jumla ya malipo ya mteja, kabla ya kuhesabu lolote, ni 0. Hapo angalieni mahali pa kuiandika. Mkiiandika mara moja tu kabla ya wateja wote, mteja wa pili ataongezewa malipo ya wa kwanza. Mkiiandika upya kwa kila malipo, litabaki malipo ya mwisho peke yake. Iandikeni kila mteja anapoanza.

Msitegemee lugha iwalinde. Java hukataa kigeu cha ndani ya methodi kisomwe kabla ya kupewa thamani. Python hukitambua kigeu kinapopewa thamani. Lakini katika C, kigeu cha kawaida cha ndani ya funksheni kisichopewa thamani huweza kubeba takataka iliyobaki kwenye kumbukumbu.

Basi tangazeni kigeu karibu na kinapotumika, na mkipe thamani papo hapo. Kabla ya kuandika 0, ulizeni: ni sifuri kweli, au hatujui?