Kurejea Pamoja: Wajibu wa Msafara Ndege Inapochelewa au Kufutwa

(Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya viongozi wa vikundi vya mahujaji, watumishi wa Serikali na wananchi, Unguja)





Matayarisho yetu ya Hija hukazania zaidi kwenda: paspoti, viza, chanjo, ihramu na mafunzo ya ibada. Kurudi huachiwa ndege, kana kwamba kazi imekwisha. Leo ningependa tuizungumzie siku ambayo msafara umekwishafunga mizigo na ndege ya kurudia haipo.

Kwanza tuzifahamu sababu. Baada ya Hija, umma mkubwa huondoka Jeddah na Madina katika muda mfupi. Ndege moja hufanya safari kadhaa mfululizo, hivyo ikichelewa asubuhi huchelewesha na abiria wa jioni. Marubani nao wamewekewa kisheria kikomo cha saa za kazi; zikimalizika hawaruhusiwi kuruka, hata ndege ikiwa nzima. Tena misafara yetu mingi hubadilisha ndege njiani, na njiani kuna mengi. Tarehe 7 Agosti, 2013 moto uliunguza ukumbi wa kuwasili wa kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi. Tarehe 16 Aprili, 2024 mvua kubwa iliifurikisha Dubai, na abiria wengi wakakwama kiwanjani kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kuchelewa si fedheha kwa msafara. Fedheha ni kutojitayarisha.

Nitatoa mfano ambao si wa kujisifu. Mwaka mmoja nilifuatana na kikundi cha mahujaji, nami ndiye niliyekabidhiwa orodha ya majina. Tulipofika kiwanja cha njiani tulikuta ndege ya kutuleta nyumbani imekwishaondoka. Usiku ule tukaambiwa zimepatikana nafasi chache katika ndege nyengine. Tuliokuwa karibu na kaunta, wenye miguu mepesi na wenye kujua lugha, ndio tuliozipata. Nami nikapanda, na orodha imo mfukoni mwangu.

Nyuma walibaki wazee. Mmoja wao alikuwa bibi mwenye maradhi ya sukari, na dawa yake ya sindano ilikuwa ndani ya sanduku kubwa ambalo halikuwa mikononi mwake. Nilipotoka nje ya kiwanja chetu, mwanawe alinipokea kwa salamu, kisha akaniuliza, "Mzee wangu, mama mmemwacha na nani?" Sikuwa na jawabu. Bibi yule alifika siku ya pili yake akiwa dhaifu, akatibiwa, na Mwenyezi Mungu akamjaalia kupona. Lakini suali lile ninalo hadi leo. Wahenga walisema: kutangulia si kufika.

Kutokana na hayo, naomba kila msafara ukubaliane mambo manne kabla ya kuondoka hapa.

La kwanza, utaratibu wa kurudi uandikwe mapema. Nafasi zikiwa chache, watangulie wagonjwa, wazee na wenye watoto wachanga, kila mmoja na wa kumsaidia. Amiri wa msafara awe wa mwisho kupanda.

La pili, orodha ziwe mbili, kwa watu wawili tofauti. Iandikwe namba ya paspoti, maradhi ya kila mmoja na simu ya jamaa yake.

La tatu, dawa zote zikae katika mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari, na zizidi mahitaji ya safari kwa siku kadhaa. Dawa ya sukari ya sindano isiwekwe kabisa katika mizigo ya chini ya ndege, kwa kuwa baridi ya huko inaweza kuiharibu.

La nne, msemaji kwenye kaunta awe mmoja. Watu 30 wakisema pamoja hasikiki hata mmoja.

Ama kuhusu haki, Tanzania imo katika Mkataba wa Montreal wa 1999. Kwa mkataba huo shirika la ndege huwajibika kwa hasara iliyoletwa na ucheleweshaji, isipokuwa likithibitisha kuwa lilichukua kila hatua inayofaa kuiepusha hasara hiyo, au kuwa haikuwezekana kuzichukua hatua hizo. Malipo hufuata hasara iliyothibitishwa, wala hayatolewi kwa hasira ya abiria. Kwa hiyo ombeni maelezo ya sababu kwa maandishi, na wekeni risiti za chakula na malazi. Mzigo uliocheleweshwa ulalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu kuupokea, na ulioharibika ndani ya siku 7. Haki ya kushitaki humalizika baada ya miaka 2.

Wanaonunua tiketi mbalimbali kwa kutafuta unafuu wazingatie hili: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili huweza kukuhesabu kuwa umekosa safari yako mwenyewe. Inapowezekana, safari yote iwe katika tiketi moja. Na ndugu zetu wa Pemba wasifunge boti ya siku ile ile wanayotarajia kutua Unguja.

Mtumishi wa Serikali aliyekwama amjulishe mkuu wake wa kazi kabla ya ruhusa kumalizika, na ahifadhi maelezo ya shirika kuwa ushahidi.

Mwisho, jamaa waliopo nyumbani waambiwe ukweli mapema, hata ukiwa haupendezi. Anayengojea bila ya habari huchoka kuliko anayesafiri.

Ndugu zangu, tuliondoka pamoja kwa nia moja. Msafara haujafika mpaka afike mnyonge wake.