Mfuasi na Rafiki: Imani ya Kikristo Inavyoishi katika Milima ya Uluguru

Ufuasi ni kuishi karibu na Kristo mpaka mwenendo wake uwe mwenendo wa yule anayemfuata. Injili ya Marko, sura ya tatu, inasimulia uteuzi wa wale Kumi na Wawili kwa mpangilio ambao wasomaji wengi huupita haraka: waliitwa kwanza wakae naye, halafu ndipo watumwe kuhubiri. Walikula naye, wakatembea naye, wakagombania ukubwa mbele yake, wakakemewa, na bado hawakufukuzwa. Usiku wa mwisho, kama Yohana anavyoeleza katika sura ya 15, aliwaambia kwamba hawahesabu tena kuwa watumwa. Amewafanya marafiki, kwa kuwa mtumwa hajui bwana wake anakusudia nini, lakini wao hawakufichwa neno.

Kwa sababu hiyo urafiki mwaminifu ni sehemu ya ufuasi tangu mwanzo. Mahali ambapo urafiki huo umekosekana, mafundisho yamebaki kuwa masomo, sala zimebaki kuwa zamu, na mbatizwa amebaki kuwa jina katika kitabu cha parokia. Historia ya Ukristo katika Morogoro inalionyesha jambo hili kwa uwazi ambao ni nadra kuupata kwingine, kwa kuwa Wakristo wa kwanza wa eneo hilo walikuwa watu waliowahi kuuzwa.

Kutoka shamba la misheni hadi mlimani

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walichukua kazi ya misheni Zanzibar mwaka 1863, na mwaka 1868 wakafungua kituo Bagamoyo. Watoto na vijana waliokusanywa hapo walikuwa wamenunuliwa kutoka soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, au wameletwa na manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi baharini. Walibatizwa, wakafundishwa kilimo na ufundi, wakaozeshwa, wakapewa nyumba katika kijiji cha Kikristo. Mwaka 1877 baadhi ya wanandoa hao walipelekwa bara kuanzisha kituo cha Mhonda, chini ya milima ya Nguru, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Mvomero. Vituo vingine vilifuata: Morogoro mjini katika miaka ya 1880, Tununguo mwaka 1884, na Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru, mwaka 1897.

Maisha katika vijiji vile yaliongozwa na kengele: sala, shamba, mafundisho, shamba tena. Padri alikuwa na sauti kubwa katika kuchagua nani aoane na nani. Wapo waliotoroka, na haifai kuwahukumu kwa haraka kuwa walikosa imani. Mtu aliyetolewa katika mnyororo wa mfanyabiashara akakuta ratiba isiyomwuliza neno alikuwa na haki ya kusitasita. Utii ulidaiwa mapema mno, kabla ya kuaminiana. Wamisionari walijitoa hata kufa kwa homa katika vituo hivyo, na wengi waliwapenda kweli watu wao, ila mfumo wenyewe ulimweka mbatizwa karibu zaidi na mtumwa wa Yohana 15 kuliko na rafiki.

Hata hivyo kitu kingine kilikua pembeni ya mfumo huo. Wenyeji wa nchi ile, Wanguu, Wakutu na Waluguru, walijitambua kwa ukoo wa mama. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu mtoto wa dada yake. Mtu asiye na ukoo hakuwa na pa kulima wala wa kumlilia. Waliotoka Bagamoyo hawakuwa na mjomba, hawakuwa na bibi, na mara nyingi hawakukumbuka jina la kijiji chao. Ndugu waliobaki nao ni wale waliobatizwa pamoja nao. Walisimamiana katika ubatizo, wakashuhudiana katika ndoa, wakazikana. Kanisa la kwanza la Morogoro lilijengwa juu ya uaminifu wa watu hao kwa wenzao, na sifa yao bado haijatolewa inavyostahili.

Mwalimu wa dini

Uluguru hauingiliki kirahisi. Vilele vyake vinapita mita 2,600, mabonde yamekatwa na vijito vinavyoulisha mto Ruvu, na vijiji vimepandana kwenye miteremko. Padri mmoja hakuweza, na mpaka sasa hawezi, kufika katika kila kigango kila Jumapili. Aliyeipeleka imani mlimani na kuitunza huko ni katekista, au mwalimu wa dini kama wengi wanavyomwita.

Mwalimu huyu aliishi humo humo. Alilima maharage na magimbi mteremko mmoja na wakatekumeni wake. Mavuno yake yakiharibika, walijua. Akigombana na mkewe, walisikia, na wakasikia pia kama walipatana. Mafundisho aliyotoa chini ya mwembe yalipimwa kila siku na watu waliomwona akikopa, akilipa, akiuguza na kufiwa. Hicho ndicho Marko anachokiita kukaa pamoja naye. Semina inaweza kumwongezea mwalimu maarifa, na pikipiki inaweza kumpunguzia mwendo, lakini anayeshuka mjini Jumatatu na kurudi Jumamosi jioni hawezi kufanya kazi ambayo yule wa zamani aliifanya kwa kuonekana tu.

Kuna habari moja ya Injili ambayo watu wa vijiji vya juu huielewa upesi kuliko watu wa tambarare: wale wanne waliombeba rafiki yao mwenye kupooza wakamshusha kupitia darini. Mahali pasipo na barabara ya gari, mgonjwa hushushwa kwa machela. Miti miwili mirefu hufungwa kitanda au blanketi katikati, vijana huingia wanne wanne na kupokezana, mmoja hutangulia kuangalia utelezi, na mwanamke mmoja hufuata nyuma na kikapu chenye nguo za mgonjwa na uji. Mabega huchubuka. Hakuna anayeuliza kwanza kama mgonjwa amelipa mchango wa mwezi. Marko anasema Yesu aliiona imani yao, yaani ya wale wabebaji, na mgonjwa akapona kwa imani ambayo marafiki waliileta mabegani.

Msimamizi, mjomba na mtani

Uaminifu wa Kikristo haukuingia Uluguru kwenye uwanja mtupu. Uliukuta uaminifu wa ukoo, na mara nyingi viwili hivi vilivutana. Mfano mzito ni wa Masista wa Moyo Safi wa Maria wa Mgolole, shirika la wenyeji lililoanzishwa mwaka 1937 chini ya Askofu Bernard Hilhorst. Katika jamii inayohesabu ukoo kupitia mabinti, binti anayeweka nadhiri ya useja anaupunguzia ukoo tawi zima. Wazazi na wajomba waliokubali walitoa sadaka ambayo jamii za ukoo wa baba haziwezi kuipima vizuri, na wasichana walioshikilia wito wao waliingia katika udada mpya huku wakijua gharama yake.

Msimamizi wa ubatizo ndiye aliyekusudiwa kuwa daraja kati ya ukoo na Kanisa: mtu mzima katika imani, anayeahidi mbele ya altare kumsindikiza mtoto hadi akomae. Leo katika parokia nyingi ahadi hii imelegea. Msimamizi huchaguliwa kwa sababu ana gari, au ana cheo, au ataleta zawadi nzuri, kisha anarudi Dar es Salaam na kumsahau mtoto mpaka siku ya kipaimara. Ikiwa ufuasi hujifunzwa kwa kukaa pamoja, msimamizi anayekaa mbali asiyepiga hata simu ameacha kazi yake.

Mtani naye alistahili kutazamwa kwa heshima zaidi kuliko alivyotazamwa. Kati ya Waluguru, utani hauko kati ya makabila pekee. Upo pia kati ya koo na koo, na una wajibu. Ukoo ukifiwa, watani huja kufanya kazi ambazo wafiwa hawaziwezi kwa uchungu. Hushughulikia maziko na utakaso wa nyumba, na kwa mizaha yao huvunja kilio kisije kikawaua walio hai. Mtani pia ana ruhusa ya kusema. Humwambia mchoyo kuwa ni mchoyo mbele ya watu wote, na mchoyo haruhusiwi kukasirika. Wamisionari wengi waliona matusi na fujo tu. Kulikuwa na mambo ya kukataza, ni kweli, lakini ndani ya utani mlikuwa na elimu ambayo Kanisa lingeweza kuipokea: uaminifu usioisha kwa maneno makali, na ukweli unaosemwa na mtu ambaye kesho yake atakuja kukuzika. Kitabu cha Methali, sura ya 27, kinasifu majeraha anayotia rafiki kuliko mabusu ya adui. Mluguru aliyelelewa na watani hahitaji ufafanuzi mrefu wa mstari huo.

Upande wa Waanglikana, elimu ya namna hiyo ilikuja kwa njia ya Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, walisoma Biblia na kusali pamoja, na urafiki wao ukawa moja ya chemchemi za uamsho ulioenea hadi Tanganyika. Waliouingia walizoea kuungamiana makosa waziwazi na kuitana ndugu bila kujali rangi wala cheo. Dayosisi ya Kianglikana ya Morogoro ilipoanzishwa mwaka 1965, askofu wake wa kwanza, Gresford Chitemo, alikuwa mtu wa uamsho huo.

Jumuiya na daftari lake

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa shirikisho lao, AMECEA, waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Nia ilikuwa njema na ya busara: familia chache za jirani zikutane kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, zisome Injili, zifahamu nani anaumwa, nani amefukuzwa kazi, mtoto wa nani hana ada. Kihonda, Kilakala, Bigwa au Matombo, jumuiya zinazoishi hivyo zipo, na ni hazina. Mjane hapikii msiba peke yake. Kijana aliyehamia kutoka mkoa mwingine hupata mama na baba kabla hajapata kazi.

Tatizo limeingia kupitia daftari la mahudhurio na michango. Jumuiya ndiyo inayotoa barua ya utambulisho, na bila barua hiyo ubatizo, ndoa na hata ibada ya mazishi hukwama. Utaratibu wenyewe una sababu, kwa kuwa padri hawezi kumjua kila mtu. Lakini polepole wapo wanaoitafuta jumuiya siku wanapohitaji barua tu, na wapo viongozi wanaoishikilia barua hiyo kama deni. Mahudhurio huwekewa alama, michango huandikwa, na mtu asiyeonekana kwa miezi sita huitwa mlegevu kabla ya yeyote kwenda kubisha hodi. Pengine alikuwa akiuguza. Pengine aliona haya kwa sababu zamu ya kukaribisha wenzake ilimfikia akiwa hana hata sukari. Siku ya msiba wake ndipo daftari hufunguliwa.

Adhabu ya kumnyima mtu mazishi kwa sababu ya mahudhurio ni kosa, hata inapotolewa kwa nia ya kujenga nidhamu. Uaminifu hauwezi kufundishwa kwa kumwacha mtu, na akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyoendeshwa ndani ya jumuiya vinastahili tahadhari ya aina hiyo hiyo: vimesaidia familia nyingi, lakini mkopo usiolipika umewafanya baadhi ya waumini wakwepe nyumba ya sala kwa kumkwepa mdai.

Vyuo navyo vimeuleta ufuasi katika sura mpya. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu Mzumbe huwakusanya vijana kutoka nchi nzima, na vyama vya wanafunzi Wakristo kama TMCS, TAFES na USCF huwapa wenzi wa sala na wa masomo. Urafiki huo ni wa moto, kisha masomo huisha na kila mmoja huenda zake. Wanaoendelea kuulizana habari za imani baada ya kuhitimu ndio waliokwisha kuwa wafuasi.

Jirani Mwislamu

Uaminifu huu unavuka mpaka wa dini. Familia nyingi za Morogoro, hasa upande wa mashariki wa milima, zina Waislamu na Wakristo ndani ya ukoo mmoja. Mkristo hualikwa futari, Mwislamu hubeba jeneza la Mkristo, na mjomba mwenye kanzu husimamia mahari ya mpwa anayefunga ndoa kanisani. Mfuasi wa Kristo anayemtupa ndugu yake wa damu kwa sababu ya dini amemwelewa vibaya Bwana wake, aliyeulizwa jirani ni nani akajibu kwa kumsifu Msamaria.

Ili uaminifu huu wote usibaki maneno, kila jumuiya, mtaa na usharika unaombwa kuanza na hatua moja. Kabla ya mafundisho ya ubatizo yajayo, daftari lifunguliwe, majina yenye alama za kutohudhuria yaandikwe kando, na kila jina lipewe watu wawili wa kulitembelea. Watu hao wasibebe kitabu cha stakabadhi, na wasirudi na taarifa ya madeni. Waende kumjulia mwenzao hali, na warudi tena wiki inayofuata.