Kima wa Sanje

Sisi wa Dodoma tumezoea mibuyu na vumbi. Msitu wa mvua tunauona kwenye kalenda. Mwezi uliopita nilipanda basi hadi Morogoro, nikaunganisha jingine la Ifakara, nikashuka Mang'ula, langoni mwa Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Mbega wekundu niliwaona juu mitini. Kima wa Sanje nilimsikia tu. Huyo hapatikani kwingine duniani ila milima hiyo. Wataalamu walimtambua mwaka 1979 kwa kusikia mlio wake. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakimjua siku zote.

Katika kundi letu Watanzania tulikuwa wawili: mimi na mwongozaji. Harusini tunakwenda hadi Moshi. Nauli ya Mang'ula ndiyo inayotushinda?